Nyumba Kuukuu na Rangi ya Kuifaa

Mtu ajengaye nyumba mpya hana taabu kubwa katika jambo la rangi, kwa maana kuta zake zote ni za namna moja na umri wao ni mmoja. Taabu ni ya mtu aliyerithi nyumba kuukuu. Katika Kenya nyumba za namna hiyo aghalabu hazikujengwa kwa mwaka mmoja wala kwa mkono mmoja. Babu alianza na kile alichokuwa nacho, baba akaongeza alipopata, na watoto nao wakaunga chumba cha nyuma walipoanza kupokea mshahara. Basi huonekana jiwe, udongo, mbao na bati vimesimama pamoja chini ya paa moja. Wapita njia huona upande mmoja umechakaa na mwingine ungali mpya, na mwenye nyumba huona haya. Hapo humwingia tamaa ya kununua rangi moja nzito ili aufunike ukoo wote wa kuta zile, zionekane kama ndugu wa tumbo moja.

Tamaa hiyo si ya kulaumiwa, lakini imekwisha haribu nyumba nyingi. Macho huuliza rangi gani yapendeza. Ukuta huuliza rangi gani itauacha uishi. Maswali hayo ni mawili, na yapasa yajibiwe moja moja.

Mfano ni nyumba moja iliyoko katika kisiwa cha Mombasa. Sehemu ya mbele, yenye baraza na mlango mkubwa, ilijengwa na babu kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Vyumba viwili vya ubavuni viliongezwa baadaye kwa boriti na fito za mikoko zilizokandikwa udongo, kisha vikapigwa lipu ya saruji. Jiko na bafu huko uani ni vya bloki za saruji. Ghala ndogo iliyoshikana na jiko ina kuta za mabati. Milango na madirisha ya mbele ni ya mvule.

Wenye nyumba hiyo ni ndugu watatu waliofiwa na baba yao. Mama yao yungali hai, naye hulala katika chumba cha mbele kilicho nyuma ya baraza. Kaka mkubwa, aliyestaafu kazi ya bandarini, alikuwa ametenga fedha katika kiinua mgongo chake ili nyumba ipakwe rangi kabla ya harusi ya binti yake, kwa kuwa wageni wangetoka Lamu na Tanga. Shauri lake lilikuwa moja tu: rangi nyeupe ya mafuta, yenye kung'aa, toka baraza mpaka ghala, ili viungo vya nyumba visionekane tena.

Dada yao, ambaye ndiye akaaye na mama, alikataa. Alimkumbusha kaka yake kwamba miaka michache iliyopita upande wa mbele ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, na tangu siku hiyo ukuta wa chumba cha mama haujapata kukauka. Rangi ilitoa malengelenge, nyuma yake ukatokea unga mweupe wa chumvi, na godoro likawa linanuka kuvu. Kila masika mama alikohoa usiku. Fedha zilizokuwapo zilitosha kazi moja tu. Kama ingekosewa, isingerudiwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo ndugu wa tatu akashauri kwamba, kabla ya mtu kwenda dukani, aitwe kwanza mwashi mzee wa mtaa ule.

Mwashi alikuja na kikombe cha maji. Alinyunyiza maji mahali rangi ilipobanduka, na ukuta ukayanywa mara moja. Akanyunyiza mahali rangi iliposhika, na maji yakateleza mpaka chini. "Bwana," alimwambia kaka mkubwa, "ukuta huu wataka kuhema, nao umezibwa pua."

"Lakini, mzee," kaka alijibu, "chokaa yachafua kanzu. Wageni watakaa barazani, na wakiinuka watakuwa na migongo myeupe kama watu waliolala ungani."

"Mgongo wa mgeni una dawa, nayo ni mkeka uliotundikwa ukutani. Ukuta uliooza hauna mkeka."

UKUTA WA MAWE NA CHOKAA

Mwashi yule alisema kweli, na sababu yake si ngumu kufahamu. Matumbawe ni mawe yaliyotokana na bahari, nayo yana matundu mengi. Chokaa na udongo uliomo katikati yake pia hunywa maji. Ukuta wa namna hiyo hupata unyevu kutoka ardhini, kutoka katika mvua na hata katika hewa ya pwani, kisha huutoa tena jua likiwaka. Maji hayo huchukua chumvi pamoja nayo. Ukuta ukiwa umepakwa chokaa, unyevu hutoka nje bila kizuizi. Ukipakwa rangi ya mafuta, maji hukwama nyuma ya rangi, chumvi hugeuka kuwa chembe ngumu, na chembe hizo husukuma rangi na lipu mpaka vianguke. Saruji nayo ikitumiwa kuziba mashimo ya ukuta wa chokaa huleta madhara kama hayo, maana ni ngumu kuliko mawe yanayoizunguka, nayo haipitishi unyevu kwa urahisi.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kwa mazoea. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umesimama kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuta zake zimedumu kwa sababu zilipakwa vitu vya jamii yake zenyewe.

Chokaa hutengenezwa kwa kuchoma matumbawe au mawe mengine ya chokaa, kisha kuyazima katika maji. Ikiwa imezimwa na kulazwa kwa majuma mengi, huwa laini kama siagi. Huchanganywa na maji hata iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hulowanishwa kwanza, na chokaa hupakwa nyembamba, mara tatu mpaka tano, kila mkono ukiachwa ukauke. Chokaa haikauki tu kama nguo. Huvuta hewa ya ukaa iliyomo angani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo haifai kupakwa katika jua kali la adhuhuri, kwa maana itakauka kabla ya kushika na kubaki unga. Mafundi hodari hufanya kazi upande wenye kivuli, au hutundika magunia yaliyoloweshwa.

Hapana budi kusema na upungufu wake. Chokaa huchujuka, na kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu hutaka kupakwa tena. Lakini gharama yake ni ndogo, na mtu wa nyumbani aweza kuipaka mwenyewe. Ila kuizima ni kazi ya hatari: chokaa ambayo haijazimwa huchemka ikikutana na maji. Itiwe chokaa katika maji, kidogo kidogo, wala maji yasimwagwe juu ya chokaa. Macho yafunikwe kwa miwani ya kazi, na ikimrukia mtu jichoni, aoshe kwa maji mengi bila kukawia na aende hospitali.

KIAMBAZA CHA UDONGO NA UKUTA WA BLOKI

Kiambaza cha udongo kilichopigwa lipu ya saruji ni kama mtu laini aliyevikwa koti gumu. Udongo huvimba na kusinyaa kwa majira, lakini saruji haifuati. Kwa hiyo hupasuka. Maji ya mvua huingia katika nyufa zile, na udongo ulio ndani huyeyuka bila mtu kuona. Kabla ya kupaka rangi yoyote, ukuta wote ugongwe kwa kipini cha nyundo. Mahali panapolia kama ngoma, lipu imekwisha achana na udongo, na rangi ikipakwa hapo ni fedha iliyotupwa. Lipu hiyo iondolewe na itiwe nyingine ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwa sababu ya chumvi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nyumba ya udongo, methali hiyo si maneno ya mapambo.

Ukuta wa bloki za saruji una matakwa mengine. Kama lipu yake ni mpya, iachwe majuma manne kwa uchache kabla ya kupakwa. Saruji mbichi ni kali kama magadi, nayo hugeuza mafuta yaliyomo katika rangi kuwa namna ya sabuni, kisha rangi huwa laini na kubanduka. Lipu ikiisha kukauka vizuri, rangi ya maji iliyotengenezwa kwa kuta za nje huifaa sana.

MABATI NA MBAO

Mabati huwadanganya wengi. Bati jipya linang'aa na kuonekana safi, tena laonekana kama litaipokea rangi kwa furaha. Kumbe zinki iliyopakwa juu yake haipatani na rangi ya mafuta. Baada ya muda rangi hubanduka vipande vizima kama ngozi ya nyoka. Bati jipya ama liachwe nje miezi mingi mpaka mng'ao wake ufifie, ama lioshwe vema na kupakwa kwanza rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Bati lililokwisha shika kutu lisuguliwe kwa burashi ya waya, lifutwe vumbi, na lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku iyo hiyo, kabla ya hewa ya bahari kulirudia. Misumari isisahauliwe, maana kutu huanza kwenye matundu yake.

Mbao nazo hutaka ukavu. Mti kama mvule una mafuta yake ya asili, ambayo huweza kuchelewesha rangi kukauka. Kwa hiyo hufutwa kwa spiriti, na mkono wa kwanza hupakwa mwembamba. Ncha za mbao na upande wa chini wa mlango hunywa maji kuliko mahali pengine, lakini mafundi wengi hupaacha kwa kuwa hapaonekani. Mlango wenye nakshi usijazwe rangi mpaka nakshi zizibe. Mafuta ya kitani hutosha kuulinda, yakirudiwa mara kwa mara. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, visifinyangwe pamoja pembeni, kwa maana huweza kupata joto na kuwaka moto vyenyewe.

Onyo moja ni kubwa kuliko yote. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na wanawake wenye mimba. Rangi kuukuu isisuguliwe kwa msasa mkavu wala isichomwe kwa moto. Ilowanishwe, ikwanguliwe juu ya turubai, na takataka zake zikusanywe zote. Watoto wawe mbali hata kazi iishe. Na anunuaye rangi mpya aulize kama haina risasi.

KUCHAGUA RANGI YENYEWE

Baada ya kila ukuta kupewa haki yake, ndipo macho yapewe yao. Nyumba ya kuta mchanganyiko haiunganishwi na kopo moja. Yaunganishwa na rangi moja ionekanayo. Nyeupe ya chokaa, nyeupe ya rangi ya maji na nyeupe ya bati zaweza kusimama pamoja kwa amani, ingawa kila moja imetoka katika chombo chake.

Njia iliyo njema ni kuanza na vitu visivyobadilishwa, kama vile paa, sakafu ya baraza na mawe yaliyoachwa wazi. Paa likiwa jekundu kwa uzee, nyeupe yenye umanjano kidogo hupatana nalo kuliko nyeupe kali. Rangi za udongo, yaani nyekundu, manjano na kahawia, huvumilia jua na hazidhuriwi na chokaa. Nyekundu nyingine nyingi za dukani hupauka upesi katika jua la pwani. Wengine hutia buluu kidogo ya kufulia nguo katika chokaa ili weupe wake uonekane safi zaidi. Rangi za kukoza juu ya bati zaongeza joto ndani; nyeupe hulipunguza.

Viungo vya kuta, mahali jiwe linapokutana na bati au udongo na bloki, visipigiwe mstari wa rangi nyingine. Mbao za kuzibia viungo zipakwe rangi ya ukuta wenyewe, na jicho litapita bila kusimama. Rangi ya nguvu iwekwe milangoni na madirishani. Tena ikumbukwe kwamba rangi ing'aayo na rangi isiyong'aa, hata zikiwa za jina moja, hazifanani juani. Basi ya bati itafutwe isiyong'aa, na kila ukuta upakwe kipande cha kujaribia, cha upana wa mikono miwili, kisha kitazamwe asubuhi, adhuhuri na jioni.

Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu. Agizo la namna hiyo hutaja rangi ionekanayo. Halimchagulii mtu kilichomo ndani ya kopo. Na aliye na nyumba katika mtaa wa kale uliohifadhiwa, yafaa aulize maofisa wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kuanza.

Hesabu nayo isidharauliwe. Ukuta wa bloki wenye urefu wa mita 9 na kimo cha mita 3 una mita za eneo 27. Milango na madirisha yakichukua 5, zabaki 22. Ukipakwa mara mbili, ni 44. Lita moja ya rangi ya maji huenea mita za eneo kama 10 juu ya ukuta laini, kwa hiyo lita 4 na nusu zatosha. Lakini ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi; lita moja ikienea mita 6 tu, zahitajika lita 7 na zaidi. Asiyepima kwanza hulazimika kurudi dukani, na huenda akauziwa rangi isiyolingana na ile ya kwanza.

MWISHO WA SHAURI

Katika nyumba ile ya Mombasa, mwashi alitaka kwanza maji yafukuzwe. Udongo uliorundikana chini ya ukuta wa mbele uliondolewa, na mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji kwenye pembe ya chumba cha mama ukatengenezwa. Rangi si dawa ya maji. Ni nguo tu, na nguo haimponyi mtu asimamaye mtoni. Kisha rangi ya zamani ikalowanishwa na kukwanguliwa, lipu iliyooza ikatolewa, na mpya ya chokaa ikatiwa.

Kazi hiyo haikuweza kuharakishwa. Siku ya harusi ilifika, na upande wa mbele ulikuwa bado na mabaka, umepakwa chokaa mkono mmoja tu, ilhali nyuma, ambako mgeni hafiki, palikuwa pamekwisha. Kaka mkubwa aliona uchungu, maana ni kinyume cha yote aliyoyatamani. Wageni wengine walitazama mabaka yale na kunong'ona. Lakini aliposhauriwa apake mafuta haraka usiku mmoja kabla ya wageni, yeye mwenyewe alikataa, akasema kwamba wageni watalala siku tatu na mama atalala humo siku zote. Akatundika mikeka miwili ya ukindu barazani, na watu wakaegemea.

Chokaa ilimalizwa baada ya harusi. Jiko likapata rangi ya maji, ghala likapata rangi ya chini ya zinki na nyeupe isiyong'aa, na rangi ya mafuta iliyopendwa na kaka haikukosa mahali pake, kwani ilipakwa buluu kwenye madirisha. Masika yaliyofuata ukuta wa mama ulilowa kama kuta zote, kisha ukakauka. Shubiri chache juu ya sakafu bado pana unyevu, kama mwashi alivyokuwa amewaonya, lakini malengelenge hayakurudi, na godoro halinuki tena.

Mwenye nyumba kuukuu asione haya kwamba kuta zake hazifanani. Kila ukuta ni ushahidi wa mtu aliyejitahidi kwa wakati wake na kwa kadiri ya mfuko wake. Auulize kila ukuta umejengwa kwa nini, aupe kitu unachoweza kukivumilia, ndipo achague rangi ya kupendeza macho. Akifanya hivyo fedha yake itakaa ukutani, wala haitaanguka chini pamoja na mvua ya kwanza.